Kiti Kilichopinduliwa Kwa Muda

Mwanzoni mama mkwe aliamini kwamba Muda ni mtu. Mke wa mwanawe alipoaga asubuhi alisema, "Mama, nakwenda kwa Muda," naye akaitikia, "Haya, msalimie." Alikuwa akijiuliza huyo Muda ni tajiri wa namna gani, asiyelipa mwisho wa mwezi wala kumpa mfanyakazi wake likizo. Hata hivyo aliwaambia majirani, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba mkwewe ameajiriwa na bwana mmoja mwenye duka la samani. Siku alipojua kwamba hakuna bwana wala duka, kwamba ni kiwanja kitupu chenye uzio wa mabati na ubao mlangoni ulioandikwa ENEO HILI LINATUMIKA KWA MUDA, aliona haya hata akakaa siku nzima ndani. Hakuna aliyemcheka usoni. Walimcheka pembeni, na hilo alilijua.

"Kumbe mkweo anaokota," jirani mmoja alimwambia, kwa ile sauti ya huruma inayouma kuliko matusi.

"Haokoti. Anatengeneza," alijibu, lakini hata yeye hakuridhika na jibu lake.

Kiwanja chenyewe kilikuwa katikati ya majengo mawili marefu. Jengo lililokuwapo lilibomolewa, mwenye kiwanja akaishiwa fedha kabla hajajenga jingine, na manispaa ikamwomba, badala ya kuwaachia panya pale mahali, awaruhusu mafundi wapatumie hadi atakapokuwa tayari. Basi vitu ambavyo mji ulikuwa ukivitupa vikawa vinapitia pale kwanza: meza iliyovunjika mguu, feni iliyonyamaza, sofa lililotoboka, begi lililokatika mkanda. Kinachotengenezeka kilitengenezwa kikarudi mjini. Kisichotengenezeka kilifumuliwa, na viungo vyake vikaingia kwenye vitu vingine. Ilikuwa nadra kitu kutoka pale kwenda jalalani, na mafundi walijivunia jambo hilo ingawa hawakulitolea hotuba.

Palikuwa na sheria moja iliyofuatwa na wote. Chaki hufutika mvua ikinyesha na karatasi hupeperuka, kwa hiyo walikubaliana hivi: kitu kilichosimama kina mwenyewe, usikiguse; kitu kilichopinduliwa ni cha wote, kifumue uchukue unachohitaji. Kiti kikiwa miguu juu, basi, habari yake imekwisha. Friji peke yake ndilo lililokataa sheria hiyo, maana ukilipindua mafuta yake yanahama mahali pake, kwa hiyo friji lililokufa liliachwa mlango wazi, likipiga miayo.

Mkwe huyo, kila mtu pale alimwita Fundi. Watu wawili tu hawakumwita hivyo. Mumewe alimwita Mama Kiguu, kwa ajili ya binti yao mdogo aliyeitwa Kiguu kwa kutotulia mahali pamoja. Mama mkwe alimwita "wewe".

Habari ya kuondoka ilifika Jumatatu. Mwenye kiwanja alikuwa amepata fedha zake, tingatinga lingeingia Jumamosi, na mafundi walitakiwa wawe wamehama kufikia Ijumaa. Fundi aliieleza nyumbani wakati wa chakula, kwa maneno machache, kisha akaondoa vyombo. Mama mkwe alimwona akiosha sahani moja mara mbili. Usiku ule usingizi ulimpaa.

Sebuleni kwao palikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia ila yeye. Kilikuwa cha marehemu mumewe: mbao nzito nyekundu, mikono iliyong'aa kwa kushikwashikwa, na kwenye mkono wa kushoto doa jeupe pale mzee alipozoea kuweka kikombe cha chai. Kamba za kukalia zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ukikaa, magoti yanakukaribia kidevu. Zamani, Fundi alipokuwa bi harusi mpya, aliomba akitengeneze. Akajibiwa kwamba kiti hicho hakichezewi. Tangu hapo aliruhusiwa kukifuta vumbi, na kufuta vumbi ni juu juu tu.

Jumatano, bila kumwambia mtu, mama mkwe alimwacha Kiguu kwa jirani, akakodi mkokoteni, akakipeleka kiti kwa Muda. Alitaka mke wa mwanawe apate kazi moja ya heshima pale kabla hapajafungwa. Alitaka pia, ingawa asingelikiri hata ukimbana, kuomba radhi bila kulitaja neno lenyewe.

Fundi hakuwapo. Alikuwa amekwenda na wenzake manispaa kuomba kiwanja kingine. Mama mkwe alilitambua koti lake la kazi, la buluu, lenye mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu, likining'inia juu ya meza ya useremala. Akakiweka kiti ubavuni mwa meza hiyo. Akatazama juu akaona wingu limetanda. Kamba zile zikilowa ndiyo basi tena. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angelifanya kwa kiti kilicho nje mvua ikinukia: akakipindua, akajiridhisha kwamba kimetulia, akaenda zake.

Mvua yenyewe haikunyesha.

*

Koleo alitangulia kurudi kutoka manispaa. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna msumari uliowahi kumshinda, na akishaung'oa huunyoosha akautia kwenye kopo. Alikiona kiti kiko miguu juu karibu na meza ya Fundi, akajua Fundi amekipindua kabla ya kuondoka. Alishangaa kidogo, maana mbao ilikuwa nzuri. Lakini wiki hiyo kila mtu alikuwa akifumua vitu mbio mbio ili tingatinga lisikute kitu. Akakifumua kwa adabu, bila kuvunja hata kiungo kimoja.

Miguu aliipeleka kwa fundi viatu, ambaye benchi lake lilikuwa likiyumba. Mikono aliifunga kwenye mkokoteni wake mwenyewe, ipate kuwa vishikio. Mgongo, wenye vijiti vilivyosimama wima, alimpa mlinzi wa lango, ambaye mkewe alikuwa amejifungua na kitanda cha mtoto hakikuwa na ubavu mmoja. Fremu ya kukalia akaiweka juu ya meza ya Fundi, iwe zawadi.

"Hii imetoka wapi?" Fundi aliuliza alipofika.

"Kwenye kilichopinduliwa," Koleo alijibu, na Fundi hakudadisi zaidi. Vilivyopinduliwa wiki hiyo vilijaa kila kona. Alikuwa na kigoda cha mteja kilichokuwa kikingojea mbao za namna hiyo hiyo. Akapima, akakata pande mbili kwa msumeno, akafurahi jinsi mbao ilivyokuwa kavu na jinsi ilivyonukia. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alifurahi.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi kwenye mkeka, jambo lililomshangaza, lakini alikuwa na uchafu wa kazi mwilini na akawahi kwanza kunawa. Aliporudi aliona bibi huyo anamtazama kwa uso ambao hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Umekiona?"

"Nimekiona nini, mama?"

"Kiti. Kiti cha mzee. Nimekuletea mwenyewe hadi pale kwenu. Nimekiweka penye koti lako."

Fundi aligeuka akatazama kona ya sebule. Palikuwa na alama nne tu sakafuni.

"Sikukuta kiti, mama."

"Utakosaje kukikuta? Nilikipindua kabisa, mvua isije ikalowesha kamba. Nilikipindua kwa muda tu."

Fundi aliketi palepale mlangoni. Kitambaa cha kujifutia kilikuwa bado mkononi na maji yakawa yanamdondokea miguuni. Alijaribu kusema, akaanza na "Mama, pale kwetu kitu kikipinduliwa," akanyamaza, akaanza tena. Alipomaliza, mama mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo mmekipasua."

"Kimefumuliwa, mama. Hakijapasuliwa. Ila fremu nimeikata mimi. Sikujua."

"Miaka yote hii unaishi na kiti, leo unaniambia hukukijua?"

Mume aliingia wakati huo, sare ya kituo cha mafuta ingali mwilini, na harufu ya petroli ikaingia naye. Alikuwa mtu mpole, wa kutaka watu wasigombane ili ale chakula chake. Aliposikia, hakuuliza chakula.

"Umekata kiti cha baba?" alimwambia mkewe.

"Nimekata fremu. Ilikuwa mezani, imekwishafumuliwa."

"Hata ingekuwa fremu. Hukuitambua?"

"Ningeitambuaje kwa chini, baba Kiguu? Nani aliwahi kuniruhusu nikipindue?"

Mume akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akavifunga tena. Mama yake alikuwa amekwishainuka, na kutoka chumbani ikasikika zipu ya begi.

"Kesho nakwenda kwa mdogo wangu," alisema kutoka huko ndani. "Msinisindikize."

Kiguu, aliyekuwa akiruka kamba uani, aliingia akauliza bibi anakwenda wapi. Wote watatu walijua kwamba bibi akiondoka hakuna wa kukaa na mtoto, na bila wa kukaa na mtoto Fundi hawezi kushika msumeno tena, iwe kwa Muda au kwingineko. Lakini Fundi hakulia kwa sababu hiyo. Alilia kwa sababu mama mkwe alikuwa amekodi mkokoteni kwa ajili yake, yeye, na yeye akaikata ile fremu huku akifurahi.

*

Alhamisi alifika kiwanjani kabla ya wote, akamngoja Koleo langoni. Alipomweleza, Koleo alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Si ulikipindua wewe?"

"Mimi sikuwapo."

"Basi nimemla mtu hai," alisema, na siku hiyo hakutania tena, yeye ambaye hawezi kupitisha saa bila utani.

Vishikio vya mkokoteni alivifungua mara moja. Fundi viatu alilalamika. "Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kushona kiatu bila kuyumbayumba. Leo mnanirudisha kwenye bembea," alisema, lakini mikono yake ilikuwa tayari inaifungua miguu ile kutoka kwenye benchi. Mwenye kigoda alikuwa hajakichukua, kwa hiyo vile vipande viwili vya fremu, vifupi sasa, vilipatikana pia. Fundi alivipanga vyote chini na kuanza kuvifuta.

Ndipo mama mkwe alipotokea langoni, amevaa nguo za safari, begi mkononi.

"Nimekuja kuchukua mabaki ya mume wangu," alisema. "Sitaki maneno na mtu."

"Mama, mwenye kosa ni mimi," Koleo alisema. "Mkweo hakukijua. Nimekifumua mimi."

"Fremu nimeikata mimi," Fundi alisema.

"Na wewe nani alikuambia ukiguse?" mama mkwe alimuuliza Koleo.

"Kilikuwa kimepinduliwa, mama." Akamweleza sheria. Hakumsomea kitu, alimwonyesha tu kwa kidole: kabati lile limesimama, lina mwenyewe, atakuja kulichukua leo. Meza ile iko miguu juu, ni ya wote. Kile kitanda ni cha wote. Lile friji limefunguliwa mlango, limekwisha. Hatuna namna nyingine ya kuambiana, mama. Ndivyo tulivyoelewana.

Mama mkwe alitazama kiwanja kizima, kitu kwa kitu, vilivyosimama na vilivyopinduliwa. Wafanyakazi wenzake Fundi wakajifanya wana shughuli. Akaliweka begi chini.

"Kwa hiyo nilikipindua mimi," alisema.

"Hukujua, mama," Fundi alisema.

"Ndiyo, sikujua. Na wewe hukujua." Akavitazama vile vipande. "Mgongo uko wapi?"

*

Mlinzi na mkewe walikaa chumba kimoja nyuma ya lango. Mlinzi alikuwa zamu, na mkewe, binti mdogo bado, alikuwa ameinamia beseni la nguo za mtoto. Kitanda cha mtoto kilikuwa droo kubwa ya kabati iliyopachikwa juu ya miguu ya meza, na ubavuni, badala ya ubao, palikuwa na mgongo wa kiti, vijiti vyake vikiwa wima kama vilivyokuwa sebuleni. Fundi alieleza kwa aibu walichofuata. Binti aliifuta mikono yake kwenye gauni haraka.

"Samahani sana, sikujua kama kina mwenyewe. Nimemlaza sasa hivi. Ngojeni nimwondoe."

Mama mkwe alikuwa amekwishafika kitandani. Kijiti cha katikati kilikuwa chembamba kuliko vingine, kimelika kwa mgongo wa mtu mmoja. Mtoto alikuwa amelala ubavu, na kiganja chake kimekishika kijiti hichohicho, kwa vile tu ndicho kilichokuwa karibu. Bibi aliunyoosha mkono hadi karibu na vidole vile, asiviguse.

"Usimwondoe," alisema.

"Hatachelewa kulala tena, mama, huyu si msumbufu."

"Mwache. Mume wangu alikuwa akilala kwenye hiki kila mchana, na ole wako umwamshe. Alininunia wiki nzima mara moja kwa sababu nilidondosha sufuria." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nyumba nzima tulitembea kwa ncha za vidole."

Binti akasema asante. Fundi akashika mkono wa mama mkwe. Mkono huo haukuondolewa. Waliporudi uwanjani begi lilikuwa bado palepale chini, na Koleo alikuwa amelisimamia kama polisi.

"Mgongo mwingine utapata?" mama mkwe aliuliza.

"Nitapata, mama."

"Na hiyo fremu uliyoikata?"

"Nitaiunga. Itaonekana imeungwa, siwezi kukudanganya."

"Ionekane tu. Na mimi nimeungwa mahali pengi." Akalichukua begi lake. Kwenye njia panda alisimama kidogo, upande mmoja stendi, upande mmoja nyumbani, na Fundi aliyekuwa akimtazama kutoka langoni alishika bati la uzio hadi likamkata kidogo. Bibi alikata kona ya nyumbani.

*

Ijumaa kiwanja kilivunjwa. Meza zilipakiwa kwenye mikokoteni kwenda mahali manispaa ilipowapa, ghala lililoachwa upande wa pili wa reli, napo kwa muda vilevile. Fundi alikuwa wa mwisho kuondoa meza yake kwa sababu alikuwa na kazi moja juu yake. Aliiunga ile fremu kwa vipande vya mbao nyeupe. Hakupata mbao nyekundu, na hata angepata asingetumia. Sehemu ya kukalia aliisuka kwa mikanda ya viti vya magari yaliyokufa, mikanda isiyolegea hata kidogo. Miguu na mikono ikarudi mahali pake, doa la kikombe likiwa kushoto kama kawaida. Kilichobaki ni mgongo, na mbao zote nzuri zilikuwa zimekwishapakiwa.

Koleo ndiye aliyekuwa akiung'oa ule ubao wa langoni, akinyoosha misumari yake. "Hii nayo itupwe?" aliuliza.

Walitazamana. Fundi alichukua msumeno, akaukata ubao pale linapoishia neno LINATUMIKA, akakichukua kile kipande chenye maneno mawili ya mwisho.

Kiti kilisafirishwa juu ya mkokoteni wa Koleo, ambao sasa haukuwa na vishikio, naye aliusukuma akilalamika njia nzima ili kuwachekesha. Walifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Majirani walikuwa nje, mume alikuwa nje amembeba Kiguu asije akarukia magurudumu, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimepakiwa miguu juu, Koleo alikishusha hivyohivyo, akakiweka chini mbele ya nyumba, miguu juu.

Akagundua alichofanya. Fundi naye akagundua, akakurupuka kukigeuza. Mama mkwe akainua mkono kumzuia.

Alikizunguka. Aliinama akasoma herufi zilizokuwa kwenye mgongo, zimesimama kichwa chini.

"Umeniandikia nini hapa?"

"Ni jina la bosi wangu, mama."

Bibi alicheka hadi akashika kiuno, na yule jirani mwenye huruma nyingi akasogea kutaka kujua kuna nini.

"Kiti kipya, mama?"

"Cha zamani. Kimetengenezwa na mkwe wangu." Akaupitisha mkono kwenye ile miguu iliyoelekea mbinguni, mmoja baada ya mwingine, pole pole, akiijua. Alipozungumza tena hakuwa akizungumza na jirani. "Siku yangu ikifika, mtakipindua hivihivi. Kila mtu achukue kipande chake. Na hapo isiwe kwa muda."

"Mama, maneno gani hayo," mwanawe alisema.

"Ni maneno ya kazini kwao, wewe huyajui." Akamtazama mke wa mwanawe, aliyekuwa amesimama na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. "Lakini leo kisimamishe, Fundi. Nataka kukaa."